Uzito wa jiwe si kishindo chake: Jinsi mzigo mdogo unavyoua ukianguka

KATIKA mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, si ajabu kumwona kibarua akijitwika jiwe la kujengea begani, akapanda nalo ngazi hadi ghorofa ya pili, akalitua taratibu, kisha akashuka kuchukua jingine.

Jiwe hilo la kilo 20 huenda akalibeba mara nyingi kwa siku bila kupata hata mchubuko. Lakini jiwe lilo hilo likiponyoka kutoka ghorofa ya tatu na kumwangukia mtu aliye chini, halitakuwa tena mzigo wa kilo 20. Litampiga kwa nguvu inayoweza kulingana na uzito wa tani kadhaa.

Jiwe halikuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni namna lilivyofika.

Tofauti hiyo, baina ya uzito uliotulia na kishindo cha kitu kinachoanguka, ni mojawapo ya kanuni za fizikia zinazogusa maisha ya watu wengi bila wao kufahamu. Aghalabu mtu huupima mkono wake na mzigo, akauona mwepesi, akadhani kwamba hatari yake pia ni nyepesi.

Ziwa la Ng'ombe ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Nyali katika Kaunti ya Mombasa. Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013, sehemu hiyo ilikuwa katika eneobunge la Kisauni, na wakazi wengi wangali wanaihesabu kuwa Kisauni. Ni mahali ambapo nyumba za chini zenye paa za mabati zinapakana na majengo ya ghorofa yanayozidi kuchipuka, na ambapo minazi na visima vingali sehemu ya maisha ya kila siku. Jengo linaloinuka, mnazi na kisima: katika vyote vitatu kuna kitu kilicho juu na mtu aliye chini.

Uzito ni nini?

Uzito wa kitu ni nguvu ambayo dunia hukivuta nayo kuelekea chini. Wataalamu wa fizikia huiita nguvu ya namna hiyo kani, na huipima kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton, ambaye kitabu chake cha 1687 ndicho kilichoweka msingi wa elimu ya mwendo.

Kitu cha kilo moja huvutwa na dunia kwa nyutoni 9.8 hivi. Kikiwa kimewekwa juu ya meza, meza nayo hukisukuma kwenda juu kwa kani iyo hiyo, na mambo hubaki shwari. Huo ndio mzigo uliotulia. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliolazwa sakafuni huikandamiza sakafu kwa uzito wa kilo 50, leo, kesho na mwaka ujao.

Kitu kinachoanguka hakisukumwi na chochote kutoka chini. Hivyo basi, mvuto wa dunia hukiongezea kasi kila nukta. Kila sekunde inayopita, kasi yake huongezeka kwa karibu mita 10 kwa sekunde. Kinapogusa ardhi, kasi hiyo yote ni lazima ikomeshwe, na kazi ya kuikomesha hufanyika katika muda mfupi mno.

Hapo ndipo penye siri. Dunia ilichukua sekunde nzima au mbili kukipa kitu ile kasi, lakini ardhi inataka kuiondoa katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ni kama mtu aliyekopa kidogo kidogo kwa mwaka mzima, kisha akatakiwa kulipa deni lote kwa siku moja. Deni ni lile lile, lakini malipo ya mkupuo humvunja mgongo.

Kinu na mchi

Waswahili waliitumia kanuni hii karne nyingi kabla ya kuandikwa kwenye vitabu vya shule. Mpishi anayetaka kutwanga mahindi haulazi mchi juu ya nafaka akangoja zipondeke. Akiulaza mchi wa kilo tatu kinuni na kuuacha hapo hadi jioni, mahindi yatabaki yalivyo.

Mpishi huuinua mchi na kuuachilia. Ukianguka nusu mita, kisha ukasimama baada ya kuzama sentimita moja tu katika nafaka, kani ya wastani inayozipata nafaka hizo ni zaidi ya uzito wa kilo 150, hata kabla ya kuhesabu nguvu za mikono yake. Ndiyo maana mchi hufanya kazi ambayo jiwe zito lililotulia lisingeiweza.

Swali hilo liliwashughulisha pia wanafalsafa wa kale. Katika kitabu cha Kiyunani kuhusu mitambo, ambacho kwa muda mrefu kilihusishwa na Aristotle, mwandishi anauliza ni kwa nini shoka lililowekwa juu ya gogo na kulemewa na mzigo mzito halipasui kuni, ilhali shoka jepesi likiinuliwa na kushushwa kwa nguvu hulipasua gogo hilo.

Galileo Galilei wa Italia, aliyefariki mwaka wa 1642, alijaribu kukipima kishindo kwa mizani. Alining'iniza ndoo mbili upande mmoja wa mizani, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa na maji na tundu lililozibwa, na upande wa pili aliweka uzito wa kusawazisha. Alipozibua tundu, alitarajia pigo la maji yanayoangukia ndoo ya chini liushushe upande huo wa mizani.

Haikuwa hivyo. Upande wenye ndoo uliinuka kidogo maji yalipoanza kutoka, na mara tu yalipoanza kuipiga ndoo ya chini, mizani ikarudi sawa na kubaki hivyo.

Jaribio hilo lina funzo kubwa. Maji yaliyokuwa hewani hayakuilemea mizani, na kishindo cha yale yaliyokuwa yakifika chini kilifidia upungufu huo bila kuzidi wala kupungua. Kumbe kishindo hakizuliwi kutoka patupu. Ni uzito ule ule ambao haukuhisiwa wakati kitu kilipokuwa kikianguka, uliokusanywa na kulipwa wote mwishoni.

Hesabu rahisi

Kutokana na ukweli huo, yeyote anayejua kugawanya anaweza kukadiria kishindo. Chukua urefu wa maporomoko, yaani umbali kilioanguka kitu. Ugawanye kwa umbali ambao kitu hicho hutumia kusimama baada ya kugusa. Kisha ongeza moja. Jibu ni idadi ya mara ambazo kani ya wastani ya pigo huzidi uzito wa kitu chenyewe.

Kwa mfano, jiwe la kilo 20 likianguka mita tisa, ambazo ni takriban urefu wa ghorofa tatu, hufika chini likiwa na kasi ya kilomita 48 hivi kwa saa. Likisimama baada ya sentimita tatu pekee, pigo lake la wastani ni mara 301 ya uzito wake, yaani zaidi ya kilo 6,000.

Jiwe hilo likiangukia mchanga mwepesi na kuzama sentimita 30, pigo hushuka hadi kilo 620. Likiangukia rundo laini la makumbi ya nazi linalobonyea sentimita 90, pigo ni kilo 220. Likiwekwa chini kwa mikono, ni kilo 20.

Jiwe ni moja na urefu ni mmoja, lakini majibu ni manne. Kwa hiyo swali la kwamba kitu kinachoanguka "kina uzito gani" halina jibu moja. Lazima kwanza ijulikane kimeanguka kutoka wapi, na kimesimama vipi.

Ifahamike pia kwamba hesabu hii hutoa kani ya wastani. Katika kipindi kile kifupi cha pigo, kani hupanda na kushuka, na kilele chake huwa juu zaidi ya wastani.

Mwili wa binadamu huifahamu kanuni hii pasipo kufundishwa. Mtu wa kilo 70 anayeruka kutoka ukuta wa mita moja hukunja magoti anapotua. Akiushusha mwili wake nusu mita katika kutua, miguu hubeba kani ya wastani ya kilo 210. Akitua na miguu iliyokakamaa, mwili ukasimama ndani ya sentimita tano, kani hiyo ni kilo 1,470. Magoti ndiyo springi aliyojaliwa binadamu.

Nazi kichwani

Mfano ulio karibu zaidi na mkazi wa Pwani ni mnazi. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki unaweza kufikia mita 20 na kuzidi. Nazi ya kilo moja na nusu, ikiwa na makumbi yake, ikidondoka kutoka urefu huo hufika chini baada ya sekunde mbili ikiwa na kasi ya kilomita 71 kwa saa, ambayo ni kasi ya matatu katika barabara kuu.

Ikisimama katika sentimita mbili, pigo lake la wastani ni kilo 1,500. Nazi iyo hiyo mtu huiweka kichwani ndani ya kapu bila hata kuihisi.

Hesabu hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka wa 1984, daktari Peter Barss alichapisha katika jarida la kitabibu uchunguzi wake kuhusu watu waliopigwa na nazi nchini Papua New Guinea. Alipopitia rekodi za miaka minne za hospitali ya mkoa ya Alotau, aligundua kwamba asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa sababu ya majeraha walikuwa wameangukiwa na nazi. Alieleza kuwa pigo la nazi kichwani laweza kuzidi tani moja.

Baadaye kulienea duniani madai kwamba nazi huua watu 150 kila mwaka. Idadi hiyo haina ushahidi wowote, na uchunguzi wa Barss haukuitaja. Hata hivyo, kukosea kwa idadi hakuondoi hatari yenyewe.

Mnazi wenyewe umejikinga. Makumbi yale manene yaliyoizunguka nazi hubonyea inapoanguka, yakaiongezea mbegu iliyo ndani umbali wa kusimama, nayo ikafika ardhini bila kupasuka. Kwa bahati mbaya, fuvu la binadamu halina makumbi.

Mizani ya duka

Je, mzigo usioanguka kabisa, bali ulioachiliwa ghafla, nao una kishindo? Ndiyo, na hapa wengi hushangaa.

Tuseme mizani ya springi inashuka sentimita moja kila inapobebeshwa kilo moja. Pakiti ya sukari ya kilo moja ikiwekwa polepole, mshale huenda kwenye moja na kutulia. Lakini pakiti hiyo ikishikiliwa mpaka iguse tu kibao, kisha ikaachiliwa kwa ghafla, mshale hukimbia hadi karibu na mbili kabla ya kurudi na kutulia kwenye moja. Kwa nukta hiyo, springi ilibeba mara mbili ya uzito, ijapokuwa pakiti haikuanguka hata sentimita.

Pakiti ikiachiliwa kutoka sentimita nne juu ya kibao, hesabu za wahandisi zinaonyesha kwamba springi itabeba mara nne ya uzito. Kutoka sentimita 12, mara sita.

Sasa tuseme springi ni ngumu zaidi, inashuka milimita moja tu kwa kilo. Pakiti ileile kutoka sentimita nne zilezile itaibebesha mara kumi. Kwa hivyo, kitu kigumu kisichobonyea si lazima kiwe salama zaidi. Ugumu wake hufupisha umbali wa kusimama, na pigo likawa kali zaidi.

Mafundi wa ujenzi wana haja kubwa ya kulijua jambo hili. Sakafu ya zege haibonyei sana, kwa hiyo ni springi ngumu mno. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukibwagwa kutoka begani, mita moja na nusu, ukabonyea sentimita tano, hupiga kwa kani ya wastani ya kilo 1,550. Ni kana kwamba mifuko 31 imewekwa mahali pamoja kwa mpigo.

Sakafu iliyokomaa huenda ikastahimili. Lakini mbao na miti inayoshikilia zege bichi, au jukwaa la mafundi lililofungwa kwa kamba na misumari, ni suala jingine. Jukwaa lililobeba mawe kumi tangu asubuhi laweza kuvunjika kwa jiwe la kumi na moja, si kwa sababu jiwe hilo ni zito kuliko mengine, bali kwa sababu lilibwagwa ilhali yale kumi yalitwikwa.

Ghorofa juu ya ghorofa

Kanuni hii hutisha zaidi pale kinachoanguka kinapokuwa sakafu nzima.

Jengo husanifiwa ili kila sakafu ibebe uzito wake, watu na samani, pamoja na kiasi fulani cha ziada kwa tahadhari. Ziada hiyo hutosha kwa mzigo uliotulia. Lakini sakafu ya juu ikikatika na kushuka mita tatu juu ya ile ya chini yake, kani inayozuka huweza kufika makumi ya mara ya uzito wake. Hakuna sakafu ya kawaida inayojengwa kustahimili hilo. Ya pili huvunjika, zote mbili zikaiangukia ya tatu, na kadhalika hadi chini.

Mkasa uliowafunza wahandisi somo hili ulitokea London mnamo Mei 16, 1968, katika jengo la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point. Gesi ililipuka katika nyumba moja kwenye ghorofa ya 18 na kuzisukuma nje kuta zilizobeba sakafu za juu. Sakafu hizo zilianguka, na kishindo chake kikazibomoa zilizokuwa chini, moja baada ya nyingine, mpaka pembe nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walifariki. Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi ili sehemu moja ya jengo ikiharibika, uharibifu usisambae kiasi hicho.

Kenya nayo ina makovu yake. Usiku wa Aprili 29, 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi na kuua watu wapatao 50. Chanzo cha jengo kuanguka huwa tofauti kila mahali: msingi mbovu, zege hafifu, vyuma vichache au ghorofa zilizoongezwa bila idhini. Lakini mporomoko ukishaanza, anayeumaliza ni kishindo, na ndiyo sababu huchukua sekunde chache tu na kuwanyima wakazi nafasi ya kukimbia.

Kofia na mshipi

Vifaa vyote vya kujikinga na kishindo, hata viwe na sura gani, vina kazi moja: kurefusha umbali wa kusimama.

Kofia ngumu ya mjengo ni mfano bora. Watu wengi hudhani ni ganda la nje linalomlinda mvaaji. Ganda husaidia kuzuia kitu chenye ncha na kusambaza pigo, lakini kazi kubwa hufanywa na mikanda ya ndani inayoacha nafasi kati ya ganda na utosi. Mikanda hiyo hunyooka pigo linapotua, na nafasi ile ndiyo umbali wa kusimama. Anayeing'oa mikanda kwa sababu ya joto, au anayejaza vitu katika nafasi hiyo, amebaki na bakuli kichwani.

Kiwango cha Ulaya cha kofia hizo huzijaribu kwa kuangusha chuma cha kilo tano kutoka urefu wa mita moja. Kani inayopita hadi kichwani haipaswi kuzidi nyutoni 5,000, sawa na uzito wa kilo 500 hivi.

Jaribio hilo linampa msomaji kipimo rahisi. Zidisha kilo za kitu kwa mita zitakazoporomokwa. Kofia hujaribiwa kwa tano. Nyundo ya nusu kilo kutoka mita 10 ni tano, kwa hiyo imefika kiwango cha jaribio. Nazi ya kilo moja na nusu kutoka mita 20 ni 30, mara sita ya jaribio. Jiwe la kilo 20 kutoka mita tisa ni 180, mara 36. Kwa jiwe kama hilo kofia si kinga, na kinga ya pekee ni kutokuwapo.

Mshipi wa usalama nao hufuata sheria hiyo. Fundi wa kilo 80 akianguka mita mbili kabla ya kamba kukaza, na kamba ikanyooka sentimita 10 tu, mwili wake utapata kani ya wastani ya kilo 1,680. Kamba haitakatika, lakini yeye huenda asipone. Ndiyo maana mishipi ya kisasa huwa na kifurushi cha utepe ulioshonwa kwa namna ya kufumuka polepole. Kikifumuka mita moja, kani hushuka hadi kilo 240. Kamba ya katani iliyofungwa kiunoni haina uwezo huo.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtwika mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi wake, pamoja na kuwapa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Usimamizi wa sekta ya ujenzi uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyobuniwa kwa sheria ya 2011.

Kishindo chenye manufaa

Si kila kishindo ni adui. Nguzo za madaraja na gati hupigwa ardhini kwa nyundo nzito inayoinuliwa na kuangushwa, kwani mzigo uliotulia wa kutosha kuzizamisha ungekuwa mkubwa kupita kiasi.

Katika maabara za udongo, mafundi hutumia nyundo ya kilo 2.5 inayoanguka sentimita 30 kushindilia udongo ndani ya chombo, mara 27 kwa kila tabaka, ili wajue unaweza kukazwa kiasi gani kabla ya kujengewa barabara au msingi.

Barabara zenyewe hupimwa kwa mtambo unaoangusha uzito kwenye vibao vya mpira. Mpira huurefusha muda wa pigo ili lifanane na gurudumu la lori linalopita kwa kasi, na vipimo huonyesha lami imebonyea kiasi gani. Hapo kishindo kimefugwa, kwa sababu urefu na umbali wa kusimama vyote vimepangwa.

Tahadhari mtaani

Katika mtaa wenye nyumba zilizosongamana kama Ziwa la Ng'ombe, hatari si ya mafundi pekee. Mtoto anayetumwa dukani hupita chini ya jukwaa. Muuza mboga hutandika bidhaa zake kivulini mwa jengo lisilokamilika.

Jiwe kutoka mita tisa huchukua sekunde moja na theluthi kufika chini. Katika muda huo, mtu husikia ukelele, hutazama juu na kwa kawaida hubaki papo hapo. Kelele za tahadhari haziwezi kuchukua mahali pa ua wa mabati, wavu, au ubao wa ukingoni unaozuia mawe na vyombo kuteleza kutoka kwenye jukwaa.

Kisimani hali ni iyo hiyo, ila aliye chini hana pa kukimbilia. Jiwe la kilo mbili lililoachwa ukingoni mwa kisima cha mita 15 humfikia mchimbaji likiwa na kasi ya kilomita 62 kwa saa, na kwa kipimo cha kilo mara mita ni 30, sawa na ile nazi ya mnazini. Ukingo usafishwe kabla mtu hajateremka, na ndoo ya udongo isivutwe kwa kamba na roda ilhali mchimbaji amesimama chini yake bila kizuizi.

Penye minazi, nazi zilizokomaa ziangushwe na mkwezi kabla hazijajiangukia, na benchi la wazee au kitanda cha mtoto kisiwekwe chini ya mti wenye matunda.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa binadamu mwenye majivuno, huenda ushauri huo ukafaa. Kwa jiwe, nazi au ndoo ya zege, haufai hata kidogo. Anayetaka kujua hatari ya kitu kilicho juu yake asiulize tu kina kilo ngapi. Aulize kiko mita ngapi juu, na kikishuka kitapata wapi pa kusimamia. Iwapo jibu la swali la pili ni kichwa cha mtu, kilo moja inatosha kuua.